Mtaa Husomwa kwa Miguu: Mgeni wa Lugha Katika Vichochoro vya Yanaka

Katika enzi hii ya utandawazi, si ajabu tena kumwona mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Kenya akiagwa na wenzake kwa kuwa amepata ufadhili wa masomo wa serikali ya Japani. Safari hiyo huandaliwa kwa makini. Pasipoti hutafutwa mapema, koti la baridi hununuliwa, kitabu cha sarufi ya Kijapani hutiwa mkobani, na rununu hujazwa programu za ramani na za kutafsiri. Kisichoandaliwa ni miguu. Hata hivyo, ni dhahiri shahiri kwamba mgeni wa lugha aingiapo katika mtaa wa Kijapani, darasa lake la kwanza halimo chuoni. Limo katika vichochoro vinavyoizunguka nyumba anamolala. Anayevipita vichochoro hivyo mbiombio, macho kayakaza kwenye kioo cha simu, huenda akahitimu vyema, lakini atarudi kwao na Kijapani cha kujibia mtihani.

Wapo watakaolikataa dai hili. Watasema kwamba lugha hufundishwa na wataalamu, kwamba mtembezi hula miguu yake, na kwamba mwanafunzi aliyetumwa kusoma hana ruhusa ya kuzurura. Methali hiyo ni ya kweli inapomhusu mtu anayeranda bila shabaha, siku ikaisha mikono mitupu. Haimhusu mtu ambaye kila kibao anachokipita kina maandishi asiyoyajua na kila sauti anayoisikia ni zoezi. Kwa mtu wa namna hiyo kutembea ni kusoma, tena kusoma kwa taabu.

Mfano mwafaka ni Yanaka, mtaa mkongwe wa jiji la Tokyo ulioko katika wilaya ya Taito. Tokyo iliangamia mara mbili katika karne ya 20: kwanza kwa tetemeko la ardhi na moto wa Septemba 1923, kisha kwa mabomu ya ndege za Marekani mwaka wa 1945. Sehemu kubwa ya Yanaka ilisalimika katika maafa yote mawili, na ndiyo sababu nyumba za mbao, mahekalu ya Kibudha na njia nyembamba zimebaki huko ilhali kwingineko zimetoweka. Mahekalu yenyewe yalihamia huko kwa wingi baada ya moto mkubwa wa 1657, wakati mji ungali ukiitwa Edo. Jina Yanaka huandikwa kwa herufi mbili zenye asili ya Kichina, moja ya bonde na nyingine ya ndani au katikati. Na kweli bonde lipo, baina ya mwinuko wa Ueno na ule wa Hongo. Mgeni halioni bonde hilo katika ramani ya simu, kwa maana ramani ile ni bapa. Hulitambua kwa magoti.

Anayeshuka garimoshi katika stesheni ya Nippori na kutokea upande wa magharibi hufika haraka kwenye ngazi ziitwazo Yuyake Dandan, yaani vidato vya machweo, na chini yake hukuta Yanaka Ginza, njia ya maduka yenye urefu wa takriban mita 170. Hapo watalii husimama kupiga picha za jua likitua na za paka, hula kitu cha kukaangwa, kisha hurudi stesheni wakiamini kwamba wameuona mtaa. Mgeni wa lugha hana budi kuwaacha hapo na kukata kona.

Akishakata kona, anakutana na jambo linalowashangaza wageni wengi: njia hazina majina. Nchini Japani, isipokuwa katika miji michache kama Kyoto, anwani haijengwi juu ya barabara bali juu ya vipande vya ardhi. Mtaa hugawanywa katika sehemu ziitwazo chome, na Yanaka ina saba. Kila chome ina vitalu vyenye nambari, na nyumba hupewa nambari kwa kukizunguka kitalu. Barabara ni nafasi tu iliyobaki baina ya kitalu na kitalu. Utaratibu huu ulinyooshwa na sheria ya 1962. Kabla ya hapo nambari zilikuwa za viwanja, nazo zilivurugika kila viwanja vilipokatwa au kuunganishwa. Ajabu ni kwamba miteremko, tofauti na barabara, ina majina yanayojulikana na kila mtu: Sansakizaka hapo Yanaka, na Dangozaka katika mtaa jirani wa Sendagi, ambapo dango ni vitonge vya unga wa mchele. Mwenyeji wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa hatashtuka sana kwa hayo, maana kwao pia mgeni huelekezwa kwa msikiti, kwa kisima au kwa duka la fulani.

Baina ya Yanaka na Sendagi ipo njia iliyopindapinda kiasi kwamba wenyeji huiita Hebimichi, njia ya nyoka. Kwa mtu anayetazama simu, njia hiyo ni kero, kwani mshale hugeuka kila baada ya hatua chache. Kwa anayetembea polepole ni fumbo, na akiuliza atafumbuliwa: palikuwa na mto hapo, Mto Aizome, ambao ulifunikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lami imefuata mikunjo ya maji yasiyoonekana tena. Mpaka wa wilaya ya Taito na ile ya Bunkyo nao umeyafuata maji hayo, hata nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa chini ya wilaya mbili tofauti.

Neno lenye uzito katika maelezo hayo ni *akiuliza*. Anwani za namna hii zimewazoesha Wajapani kuulizana. Tangu mwaka wa 1874 Tokyo imekuwa na vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban, na katika kituo cha aina hiyo hupatikana ramani kubwa ya mtaa, kitalu kwa kitalu. Kuwaelekeza waliopotea ni sehemu ya kazi ya askari wa koban. Muuza tofu huulizwa, msafishaji wa uwanja wa hekalu huulizwa, bibi anayemwagilia maua yake mlangoni huulizwa. Katika kuuliza huko mgeni hujifunza maneno yasiyosahaulika kwa sababu yameambatana na mkono ulionyoshwa: *migi* ni kulia, *hidari* ni kushoto, *kado* ni kona. Neno *tonari* hutumika kwa kitu kilicho kando na kwa mtu aishiye nyumba ya pili, kama vile *jirani* linavyobeba yote mawili. Akitaka kuanza mazungumzo husema *sumimasen*, neno ambalo kwa wakati mmoja ni samahani, ni naomba nisikizwe, na mara nyingine ni ahsante. Akisimama kwenye mlango wa duka tupu ataita *gomen kudasai*, na kutoka ndani atasikia *hai*. Mwanafunzi wa isimujamii atatambua mara moja kwamba hiyo ni hodi, na kwamba amekaribishwa.

Simu inamnyima mgeni haya yote. Inamfikisha kwenye mlango bila ya yeye kuwa amezungumza na kiumbe yeyote. Hoja hapa si kwamba simu itupwe; usiku wa mvua ni neema, na mgonjwa anayetafuta hospitali hapaswi kujaribiwa umahiri wa lugha. Lakini alasiri ya Jumamosi, mtu mzima asiye na haraka, kwa nini aikimbie fursa ya kupotea?

Kuna pia somo la maandishi. Kijapani huandikwa kwa kuchanganya mifumo mitatu: hiragana na katakana, kila mmoja ukiwa na alama 46 za msingi, pamoja na kanji, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida iliyotolewa mwaka wa 2010 ina 2,136. Darasani mambo haya hutisha. Mtaani hutokea moja moja. Pazia la kitambaa lililoandikwa alama moja tu, *yu*, yaani maji ya moto, huashiria bafu la umma, na mgeni aliyepita hapo siku tatu hawezi kuisahau alama hiyo maishani. Neno *tomare*, simama, huwa limechorwa kwa rangi nyeupe barabarani, kubwa kama mtu aliyelala. Kwenye njia panda maarufu ya Yanaka, chini ya mwerezi wa Himalaya, pana duka dogo la mikate ambalo jina lake lina neno *pan*. Mkate uliitwa hivyo na Wareno, waliofika Japani mwaka wa 1543. Hao ni Wareno walewale waliokuwa wameonekana Malindi mwaka wa 1498, na walioacha meza na bendera katika Kiswahili. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya maneno ya mkopo hupata hapo kitu cha kutafuna, kwa maana zote mbili.

Duka la samaki lina vichekesho vyake. Mgeni husoma *saba* kwenye kibandiko akatafuta samaki wengine sita, kumbe saba ni jina la jamii ya vibua. *Kasa* ni mwavuli. *Mimi* ni sikio. *Nani* huuliza kitu, haiulizi mtu. Kitenzi cha kukaa mahali, katika umbo lake la kamusi, ni *sumu*. Lipo pia neno la mnyama dubu, ambalo heshima ya ukurasa huu inakataza kulitaja, na ambalo wahadhiri wa Kijapani wanaofundisha Kiswahili wanalifahamu fika. Yafaa kuonya kwamba mifanano hii ni ya bahati nasibu tu. Lugha zote mbili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na silabi zikiwa chache na nyepesi maneno hayana budi kugongana. Asitokee mtu wa kuzua nadharia ya undugu wa lugha hizi kwa ushahidi wa duka la samaki.

Pengine somo zito kuliko yote ni la maamkizi. Katika mitaa mikongwe kama Yanaka, jirani akimwona jirani ametoka, humuuliza: *odekake desu ka*, yaani, unatoka? Jibu la desturi ni *chotto soko made*, hapo tu mbele kidogo. Mgeni aliyelelewa na vitabu huona ameulizwa swali, akaanza kueleza kwamba anakwenda benki, kisha posta, kisha kununua mchele. Anamchosha mwenzake. Swali lile si la polisi. Ni kamba inayorushwa ili mtu aishike kidogo na kuiachilia. Mswahili anayeulizwa *waenda wapi?* akajibu *papa hapa* amefanya jambo lilo hilo, na angepaswa kulitambua kabla ya mwanafunzi wa Kizungu. Vivyo hivyo, muuza mboga atakapomwita kijana asiyemjua *oniisan*, kaka, au watoto watakapomwita mwanamke wa makamo *obasan*, shangazi, mwanafunzi wa Kiswahili atajiona yuko katika mazingira anayoyafahamu. Vitabu vingi vya Kijapani vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa kadhaa kumzoesha msomaji jambo hili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji hata nusu ukurasa.

Isidhaniwe kwamba hii ni fikra ngeni kwa Wajapani. Fasihi yao ya kisasa ilizaliwa kwa sehemu fulani katika miteremko hiyohiyo. Natsume Soseki alipelekwa London kwa ufadhili wa serikali kuanzia mwaka wa 1900 hadi 1902. Alikuwa mpweke na mnyonge, na muda mwingi alijifungia chumbani na vitabu. Aliporejea alipanga nyumba Sendagi, na humo akaandika riwaya yake ya paka iliyoanza kutolewa mwaka wa 1905, ambamo mnyama asiye na jina anachunguza binadamu wa mtaa. Mori Ogai aliishi Sendagi hadi kifo chake mwaka wa 1922, na katika riwaya yake iitwayo *Gan* matembezi ya kila siku ya mwanafunzi mmoja ndiyo yanayozaa kisa chote: laiti angepita njia nyingine, hapangekuwa na riwaya. Nagai Kafu, aliyerudi mwaka wa 1908 baada ya kuishi Marekani na Ufaransa, alizunguka Tokyo kwa miguu akiwa na mwavuli na ramani ya kale, na matokeo yake yakawa *Hiyori Geta*, kitabu cha 1914 na 1915 chenye sura za vichochoro, miteremko, miti na viwanja vitupu. Mtu anayetaka kuwafundisha waandishi hawa katika chuo kikuu bila kujua mteremko ni nini katika jiji lao anafundisha kivuli.

Hadi hapa mambo yamekuwa matamu, na ingekuwa hiana kuyaacha hivyo. Kutembea si bure kwa kila mtu. Mgeni mweusi katika mtaa wa Kijapani huonekana kabla hajaona. Kwa mujibu wa utaratibu ulioanza Julai 2012, mgeni mwenye makazi ya muda wa kati au mrefu aliyetimiza umri wa miaka 16 lazima awe na kadi yake ya ukaazi kila atokapo nyumbani. Kutokuwa nayo kunaweza kumtoza faini ya hadi yeni 200,000. Askari yuleyule wa koban anayeelekeza waliopotea ndiye anayeweza kumsimamisha mgeni na kuitaka kadi hiyo. Mnamo Januari 2024 wakaazi watatu wenye asili ya nje, mmoja wao akiwa raia wa Japani, waliishtaki serikali katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo wakidai kwamba polisi huwasimamisha kwa sababu ya rangi au sura yao.

Kuna wanaowashauri wanafunzi wa Kiafrika wasitembeetembee, ili kuepuka matata. Ushauri huo, ingawa hutolewa kwa huruma, ni mbaya. Unamfanya mgeni awe mfungwa wa njia moja baina ya bweni na chuo, na unauacha mtaa na ujinga wake. Lakini ushauri wa kinyume, kwamba atabasamu na kuinama ili akubalike, nao haumtendei haki, kwa kuwa unamtwika mgeni peke yake mzigo ambao nusu yake ni ya mwenyeji na ya dola. Lililo la busara ni hili: atembee na kadi mfukoni, apite njia zilezile kwa saa zilezile hadi nyuso zimzoee, ajue saa ya kutoa takataka na namna ya kuzitenganisha, asome ubao wa matangazo wa chama cha mtaa, na akisimamishwa pasipo sababu aulize kwa adabu, kwa Kijapani fasaha, sababu ni ipi. Sentensi hiyo ya mwisho haimo katika vitabu vingi vya wanaoanza. Ingefaa iwemo katika somo la tatu.

Mazoea hayo ya nyuso huja polepole, wala hayana sherehe. Jioni, vipaza sauti vya serikali ya mtaa, vilivyowekwa kwa ajili ya kutangaza maafa, hupiga wimbo mfupi. Katika sehemu nyingi za Tokyo ni ule wa watoto uitwao Yuyake Koyake. Wimbo huo hupima kama vipaza sauti vinafanya kazi, na papo hapo huwaambia watoto waache kucheza warudi makwao. Mgeni hushtuka siku ya kwanza akidhani pana hatari. Baada ya miezi kadhaa anajikuta naye ameharakisha hatua kuelekea nyumbani, bila ya kuamriwa na mtu.

Liko jambo moja zaidi ambalo Yanaka inawauliza wasomi wa Kiswahili. Mwaka wa 1984 wanawake watatu waliokuwa wakilea watoto huko, akiwemo Mori Mayumi ambaye baadaye alipata sifa kama mwandishi, walianzisha jarida dogo kuhusu mitaa ya Yanaka, Nezu na Sendagi. Hawakuwa na taasisi nyuma yao. Walitembea, wakawahoji wazee wa bafu, wa duka la chai na wa hekalu, wakaandika, wakauza toleo lao madukani humo humo. Jarida liliendelea hadi mwaka wa 2009, robo karne nzima, na jina fupi la Yanesen linalotumika leo kwa mitaa hiyo mitatu lilienezwa nalo.

Kule Osaka, nako, Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi, kwanza katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni na, baada ya vyuo kuunganishwa mwaka wa 2007, katika Chuo Kikuu cha Osaka. Wajapani wamekuja Afrika Mashariki, wakatembea, wakarudi na kuandika kwa Kijapani habari za vijiji na miji ya pwani. Malipo ya deni hilo kwa Kiswahili ni haba. Mwanafunzi wa Kenya akirejea kutoka Tokyo huombwa mhadhara mmoja kuhusu maendeleo ya teknolojia, akapigiwa makofi, basi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingeweza kumwomba kitu kingine kabla hajaondoka: kila mwezi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kuhusu kitalu kimoja cha mtaa anaokaa, chenye vibao alivyovisoma, maswali aliyoyauliza na majibu aliyopewa mlangoni. Kwa ufadhili wa miaka miwili, hizo ni kurasa ishirini na nne.